Chuma Kisiupokonye Mfupa Kazi Yake

Katika wodi za mifupa za Dodoma kuna swali ambalo halikosi kuulizwa. Mgonjwa aliyevunjika paja au muundi, mara nyingi kijana dereva wa bodaboda au abiria wake, akishaelezwa kwamba atawekewa vyuma, humwuliza daktari: "Chuma chenyewe ni kigumu? Hakitavunjika?" Ndugu waliozunguka kitanda hutikisa vichwa kuafiki, kwa kuwa ndilo swali lililokuwa mioyoni mwao pia. Daktari, ambaye bado ana wagonjwa wengi wa kuwaona, hujibu kwamba chuma ni imara, na mazungumzo huishia hapo.

Swali hilo ni la haki, ila limeuliza nusu tu ya jambo. Nusu iliyobaki ni hii: je, chuma hicho kitauachia mfupa sehemu yake ya kazi? Chuma kinachobeba mzigo wote huufanya mfupa uwe mvivu, na chuma kinacholegea kupita kiasi huuacha uchezecheze bila kuunga. Kati ya pande hizo mbili ndipo ulipo uponaji. Hoja ya makala haya ni kwamba hospitali za kanda ya kati zimezoea mno kuuliza juu ya uimara wa vyuma, na zimezoea kidogo mno kuuliza juu ya unyumbufu wake. Kasoro hiyo inaweza kurekebishwa kuanzia leo, bila kusubiri metali mpya kutoka ng'ambo. Hata hivyo, metali mpya zenyewe, hasa zile ziitwazo vioo vya metali, zina somo ambalo kila mhudumu wa mifupa angefaidika nalo.

Maneno matatu yanayochanganywa

Katika mazungumzo ya kila siku neno "kigumu" hubeba maana nyingi kwa pamoja. Kwa daktari wa mifupa ni lazima maana hizo zitenganishwe. Uimara ni kiasi cha mzigo ambacho kitu hustahimili kabla ya kupinda moja kwa moja au kuvunjika. Ukakamavu ni kiasi ambacho kitu hukataa kupindika mzigo unapokielemea. Unyumbufu ni uwezo wa kupindika au kuvutika kisha kurudi katika umbo la awali mzigo unapoondoka.

Mfugaji wa Kigogo anayechagua fimbo anazijua tofauti hizi bila kufundishwa. Fimbo kavu sana hukataa kupinda, kisha hukatika ghafla. Fimbo mbichi hupinda na kubaki imepinda. Fimbo njema hupinda na kurudi. Hakuna mfugaji anayeisifu fimbo kwa ukakamavu peke yake.

Wahandisi hupima ukakamavu wa vitu kwa kizio kiitwacho gigapaskali. Namba ikiwa kubwa, kitu hukataa zaidi kupindika. Tabaka gumu la nje la mfupa wa binadamu, likipimwa kufuata urefu wa mfupa, huwa na takriban gigapaskali 15 hadi 20. Aloi ya titani inayotumika sana katika upasuaji ina takriban 110. Chuma cha pua kisichoshika kutu, ambacho ndicho kifaa cha kila siku katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, kina takriban 190 hadi 200. Kwa maneno mengine, kwa unene ule ule, chuma cha pua hukataa kupindika mara kumi au zaidi kuliko mfupa kinaoulinda. Wanapofungwa pamoja, mwenye ukakamavu zaidi ndiye anayebeba mzigo mwingi zaidi, kama vile katika watu wawili wanaobeba gogo, yule asiyekunja magoti ndiye anayeelemewa.

Trei la mayai na debe la karanga

Ukakamavu wa metali unatoka wapi? Unatoka kwenye atomu zake: zinavyoshikana na zinavyopangika. Kani inayoshikilia atomu mbili hufanya kazi mithili ya springi ndogo. Chuma kinapovutwa kidogo, springi hizo hutanuka, kinapoachiwa, hurudi. Lakini mpangilio nao una neno lake, na hapa ndipo vioo vya metali vinapofundisha.

Katika metali za kawaida atomu hukaa kwa safu zilizonyooka, kila moja mahali pake, kama mayai katika trei. Mpangilio huo huitwa fuwele. Una nidhamu, lakini una udhaifu wake: kwa kuwa safu zimenyooka, safu moja inaweza kuteleza juu ya nyingine mahali penye kasoro. Ndiyo maana chuma cha pua kinachotumika kwa mabamba ya mifupa kikivutwa hata chini ya nusu ya asilimia moja ya urefu wake, huanza kubadilika umbo na hakirudi tena kikamilifu.

Mwaka 1960, katika Taasisi ya Teknolojia ya California nchini Marekani, Pol Duwez na wenzake William Klement na Ronald Willens waliyeyusha dhahabu pamoja na silikoni, kisha wakaupoza mchanganyiko huo kwa kasi ya karibu nyuzi milioni moja kwa sekunde. Atomu hazikupata muda wa kujipanga. Ziliganda zilivyokuwa zimesambaa katika uji wa moto. Kitu kilichopatikana kilikuwa metali kwa asili yake na kioo kwa mpangilio wake. Kioo hapa si cha dirishani wala cha kujitazamia. Ni jina la kitu chochote kigumu ambacho atomu zake hazikupangika kwa safu. Vipande vya kwanza vilikuwa vyembamba mno. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, Akihisa Inoue na wenzake nchini Japani, na William Johnson na Atakan Peker nchini Marekani, walipata michanganyiko inayoweza kugeuka kioo hata ikipozwa polepole, na hivyo kutoa vipande vyenye unene wa sentimita kadhaa.

Kama fuwele ni trei la mayai, kioo cha metali ni debe la karanga. Kila karanga ina majirani wake, na hakuna mbili zenye ujirani unaofanana kabisa. Mahali pengine zimebanana. Mahali pengine kuna nafasi. Ndivyo zilivyo atomu za kioo. Katika sehemu zilizobanana, atomu moja huzungukwa na kumi na mbili nyingine na kufanya umbo lenye nyuso ishirini za pembetatu. Umbo hilo hushikana barabara, ila haliwezi kurudiwarudiwa hadi kujaza nafasi bila kuacha mapengo, na ndiyo maana haliwi fuwele. Katika vioo vya shaba na zirkoni, kadiri maumbo hayo yanavyozidi kuwa mengi, ndivyo kioo kinavyozidi kukakamaa. Katika sehemu zilizolegea mambo ni kinyume: zikisukumwa upande, atomu zake husogea zaidi ya sehemu yao, na kwa hiyo kioo kizima hukubali kubadili umbo kwa urahisi zaidi.

Matokeo yake hushangaza. Kioo cha metali kikilinganishwa na fuwele ya mchanganyiko ule ule, uwezo wake wa kukataa kubadili umbo mara nyingi hupungua kwa kama robo, ilhali uwezo wake wa kukataa kugandamizwa hupungua kwa asilimia chache tu. Na kwa kuwa hakina safu za kuteleza, huweza kuvutika karibu asilimia 2 na kurudi kama kilivyokuwa. Kimelegea kidogo zaidi, lakini ni imara zaidi. Aliyezoea kudhani kwamba uimara na ukakamavu ni kitu kimoja hana budi kufikiri upya.

Tena, hata historia ya kioo huathiri tabia yake. Kikipashwa moto wa wastani, bila kufikia kiwango cha kugeuka fuwele, atomu zake hutulia na kubanana, kama debe la karanga likitikiswa. Ukakamavu huongezeka, lakini mara nyingi kioo hicho huwa chepesi zaidi kuvunjika. Viungo ni vile vile, uzito ni ule ule, ila mpangilio umebadilika, na tabia nayo imebadilika.

Wahudumu wa afya wa kanda ya kati wana mfano wa jambo hili karibu nao. Maji ya baadhi ya visima vya Singida, Manyara, Shinyanga na Arusha yana floridi nyingi. Floridi hiyo huingia katika fuwele za madini ya mfupa na kuchukua nafasi ya chembe nyingine. Mtu akinywa maji hayo kwa miaka mingi, mfupa wake unaweza kuonekana mweupe na mzito katika picha ya eksirei, na bado ukawa mwepesi kuvunjika. Weupe wa picha si ushahidi wa uimara, kama vile ukakamavu wa chuma usivyo ushahidi wa ubora wake.

Mfupa unataka nini

Mfupa si nguzo ya zege. Ni kiungo hai kinachojijenga pale kinapofanyishwa kazi na kujipunguza pale kinapopumzishwa. Julius Wolff, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1892, na kila mhudumu aliyewahi kuona mguu uliokaa muda mrefu ndani ya hogo amelishuhudia: misuli imenywea, na mfupa nao umepungua madini.

Bamba lenye ukakamavu mwingi, likifungwa kwa skrubu nyingi, laweza kuubebea mfupa mzigo wake wote. Mwanzoni hilo huonekana kama neema, kwa kuwa maumivu hupungua na picha hupendeza. Baadaye mfupa ulio chini ya bamba huweza kuwa mwembamba na wenye matundu, na bamba likiondolewa mapema, mfupa huo huweza kuvunjika upya. Ni haki kuongeza kwamba sababu si mzigo peke yake. Bamba lililogandamizwa juu ya mfupa hubana pia mishipa midogo ya damu ya ngozi ya mfupa, na watafiti wengi wanaona kwamba sehemu kubwa ya udhaifu wa miezi ya mwanzo hutokana na kupungua kwa damu. Sababu zote mbili, hata hivyo, zinaelekeza kwenye somo moja: chuma kisikae juu ya mfupa kama mtawala.

Kwa upande mwingine, mfupa uliovunjika hauhitaji kutulia kabisa ili uunge. Mwaka 1985 Allen Goodship na John Kenwright, nchini Uingereza, walionyesha kwa majaribio ya kondoo kwamba mvunjiko wa muundi uliosogezwa kwa kiasi kidogo kila siku, takriban milimita moja, ulipona vizuri zaidi kuliko ule uliozuiwa kabisa. Stephan Perren wa Uswisi naye alieleza kipimo cha mwendo unaokubalika. Mfupa mpya huhitaji mnyumbuko usiozidi kama asilimia 2 katika pengo la mvunjiko. Gegedu huvumilia hadi kama asilimia 10. Ikizidi hapo, hubaki tishu laini tu.

Hesabu yake ni rahisi na ina maana kubwa. Pengo la milimita 1 likisogea milimita 1, mnyumbuko ni asilimia 100, na hakuna mfupa utakaoota hapo. Mvunjiko wa vipande vingi uliotawanyika katika nafasi ya milimita 10 ukisogea milimita ile ile 1, mnyumbuko ni asilimia 10 tu, na uponaji unaweza kuanza. Basi mvunjiko mmoja ulionyooka huhitaji kubanwa vizuri, na mvunjiko wa vipande vingi huhitaji daraja linalonyumbuka. Kuvifunga vyote kwa namna moja, kwa bamba moja na idadi ile ile ya skrubu, ni kuusahau mfupa na kukikumbuka chuma.

Kioo cha metali bado si fimbo ya mkononi

Msomaji aliyefuata hoja hadi hapa anaweza kusema: basi na vije vioo vya metali, tatizo liishe. La, halitakwisha kwa njia hiyo.

Kwanza, vioo vyenye zirkoni vina ukakamavu wa takriban gigapaskali 80 hadi 100. Ni karibu nusu ya chuma cha pua, lakini bado ni mara nne au zaidi ya mfupa. Vioo vyenye magnesiamu huusogelea mfupa zaidi, vikiwa na takriban 45 hadi 50. Pia huyeyuka taratibu mwilini, jambo ambalo lingemwondolea mgonjwa upasuaji wa pili wa kutoa chuma. Watafiti wa Zürich, Uswisi, walionyesha mwaka 2009 kwamba kioo cha magnesiamu, zinki na kalsiamu huyeyuka ndani ya miili ya wanyama bila kutoa viputo vya hidrojeni vinavyosumbua magnesiamu ya kawaida. Hata hivyo vioo hivyo ni rahisi kupasuka.

Pili, kioo cha metali kinaposhindwa, mara nyingi hushindwa ghafla. Kwa kuwa hakina safu za kuteleza kidogo kidogo, mabadiliko yote hujikusanya katika mikanda myembamba, na kipande hukatika bila onyo. Chuma cha pua hupinda kwanza. Mgonjwa huhisi, picha huonyesha, daktari hupata nafasi. Katika upasuaji wa mifupa, onyo ni sehemu ya usalama.

Tatu, baadhi ya michanganyiko maarufu ya vioo hivyo ina berili na nikeli. Berili ni sumu, na nikeli huwasumbua watu wenye mzio nayo. Michanganyiko isiyo na vitu hivyo ipo na inafanyiwa utafiti, lakini vioo vya metali bado si vifaa vya kawaida vya kuunganishia mifupa popote duniani.

Mkoa wa Dodoma una kumbukumbu yake ya teknolojia iliyoletwa kabla ya kupima mahali inapokwenda. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa. Matrekta na mashine nzito zililetwa kwa wingi. Udongo wa Kongwa, ambao wenyeji waliujua, ulikauka wakati wa kiangazi ukawa kama saruji, ukaharibu majembe na kuzibana karanga ardhini. Mvua nazo hazikutabirika. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umeachwa. Mashine hazikukosa uimara. Zilikosa kulingana na ardhi. Kifaa cha upasuaji nacho, kiwe cha kioo cha metali au cha titani, kikiletwa kwa sababu ni kipya na si kwa sababu kimelinganishwa na mfupa, na mgonjwa, na fundi atakayekifunga, kitarithi historia ile ile.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Iliyo mkononi ni chuma cha pua, na yapo mengi ambayo hayajafanywa nacho.

Ilimba inavyofundisha kufunga bamba

Wagogo wana ala ya muziki iitwayo ilimba, ambayo marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka katika majukwaa ya dunia. Ndimi zake za chuma zimefungwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili. Chuma ni kile kile katika ndimi zote, lakini sauti hutofautiana. Ulimi ulioachwa mrefu hunyumbuka zaidi na kutoa sauti nzito. Ulimi mfupi hukakamaa na kutoa sauti nyembamba. Mpigaji anayetaka kurekebisha sauti hatafuti chuma kingine. Huusukuma ulimi mbele au nyuma, akabadili urefu ulio huru.

Daktari wa upasuaji ana uwezo huo huo. Urefu wa bamba ulio huru, kati ya skrubu ya mwisho upande huu wa mvunjiko na skrubu ya kwanza upande wa pili, ndio unaoamua kwa sehemu kubwa jinsi bamba litakavyonyumbuka. Matundu mawili au matatu yakiachwa wazi karibu na mvunjiko wa vipande vingi, bamba lile lile la chuma cha pua huwa daraja linalonyumbuka, na mkazo husambaa badala ya kujikusanya katika tundu moja. Yakijazwa yote, bamba hukakamaa na mkazo hujikusanya mahali pafupi, na hapo ndipo mabamba mengi yanapokatikia. Unene nao una hesabu yake: bamba likiongezwa unene maradufu, kukataa kwake kupindika huongezeka mara nane. Kwa hiyo anayechagua bamba nene "kwa usalama" anachagua zaidi ya alivyokusudia.

Msumari wa ndani ya mfupa ni njia nyingine ya kugawana mzigo, kwa kuwa hukaa katikati ya mfupa badala ya pembeni yake. Msumari wa SIGN, unaotolewa na shirika lililoanzishwa nchini Marekani mwaka 1999, ulibuniwa uweze kuwekwa bila mashine ya eksirei ya papo kwa papo chumbani mwa upasuaji, na umetumika sana Tanzania. Utafiti wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha msumari na vyuma vya nje kwa wagonjwa wa mivunjiko ya wazi ya muundi. Tofauti katika matatizo makubwa haikuwa ya kutosha kutoa uamuzi, ingawa waliowekewa msumari walikuwa na hali bora ya maisha katika wiki za mwanzo na mifupa iliyonyooka zaidi. Umuhimu wa utafiti huo unapita matokeo yake. Unaonyesha kwamba swali kubwa la mifupa linaweza kuulizwa na kujibiwa hapa nchini, kwa wagonjwa wa hapa nchini.

Yanayowezekana sasa

Wapo watakaosema kwamba fizikia ya atomu ni anasa katika hospitali ambako damu haitoshi, vidonda vinaingia usaha, na mgonjwa wa Mpwapwa au Manyoni anafika siku mbili baada ya ajali. Pingamizi hilo lina uzito. Hakuna unyumbufu wa metali utakaoponya mfupa wenye maambukizi. Lakini upasuaji wa kurudia, kwa sababu bamba limekatika au mfupa haukuunga, hula damu ile ile, dawa zile zile na vitanda vile vile vilivyo haba. Dereva wa bodaboda ambaye mguu wake ndio mtaji wake hupoteza mwaka wa pili wa kipato, na mara nyingi pikipiki yenyewe huuzwa. Kufunga bamba kwa busara hakugharimu zaidi ya kulifunga bila busara. Wakati mwingine hupunguza hata idadi ya skrubu.

Yapo mambo manne yanayoweza kuanza bila bajeti mpya.

La kwanza ni manunuzi. Hospitali zinapoagiza vifaa, kwa Bohari ya Dawa au kwa wauzaji binafsi, maelezo yasiishie kwenye "bamba, matundu 8". Yataje aina ya metali na kiwango cha kimataifa kinachohusika, kama ISO 5832. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina jukumu la kudhibiti vifaa hivyo. Mnunuzi ana jukumu la kuuliza. Chuma kisichojulikana asili yake kisiingie mwilini mwa mtu kwa sababu tu kinang'aa.

La pili ni kumbukumbu. Kadi ya mgonjwa iandikwe alichowekewa: metali gani, urefu gani, skrubu ngapi, tarehe gani. Miaka mitano baadaye mgonjwa huyo anaweza kuwa Iringa au Mwanza, na daktari atakayemtoa chuma au kumwongezea kingine atahitaji kujua. Skrubu za titani hazifai kuchanganywa hovyo na bamba la chuma cha pua, kwani metali mbili tofauti ndani ya majimaji ya mwili zaweza kuchocheana kutu.

La tatu ni mafunzo. Chuo Kikuu cha Dodoma kina wanafunzi wa udaktari na wa sayansi, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani nacho. Vyuma vinavyotolewa mwilini, hasa vilivyokatika, kwa kawaida huishia kwenye taka. Vikihifadhiwa kwa utaratibu, kwa ridhaa ya mgonjwa na bila jina lake, vingekuwa shule. Mwanafunzi wa fizikia angeona chuma kilikatikia tundu gani. Mwanafunzi wa udaktari angeona kilifungwaje. Taifa linalotaka siku moja kupima vioo vya metali kwa ajili ya mifupa halina mahali bora pa kuanzia kuliko hapo.

La nne, na pengine kubwa kuliko yote, ni mazungumzo na mgonjwa. Aambiwe wazi kwamba chuma hakikuja kuchukua nafasi ya mfupa. Kimekuja kuushikilia mpaka uweze kujishikilia. Ni mashindano ya muda: ama mfupa uunge kwanza, ama chuma kichoke kwanza. Chuma chochote kinachopindwa na kurudi maelfu kwa maelfu ya mara mwishowe huchoka, hata kama kila mpindo ulikuwa mdogo. Kwa hiyo mgonjwa anapoambiwa akanyage kwa uzito wa nusu, asikanyage kwa uzito wote kwa sababu haumwi; na anapoambiwa aanze kukanyaga, asibaki kitandani kwa hofu, kwa kuwa mzigo wa kiasi ndio chakula cha mfupa. Sigara huchelewesha mfupa kuunga, na aivutaye ahimizwe kuiacha. Wala asishawishiwe kutoa chuma mapema kwa sababu jirani yake alitolewa. Kila mfupa una ratiba yake, na picha ndiyo shahidi.

Muuguzi ndiye anayebaki na mgonjwa baada ya daktari kupita, na mtaalamu wa fiziotherapia ndiye anayemsimamisha kwa mara ya kwanza. Hawa wawili wakijua tofauti ya uimara, ukakamavu na unyumbufu, wataweza kulijibu lile swali la asubuhi kwa ukamilifu. "Chuma ni kigumu?" Ndiyo, kinatosha. "Hakitavunjika?" Kinaweza, ikiwa mfupa hautapewa nafasi ya kufanya kazi yake kwa wakati wake. Mgonjwa aliyepewa jibu hilo anarudi Chamwino, Bahi au Kondoa akijua nini anachokiuguza, na akijua kwamba kinachotakiwa kupona ni mfupa wake, si chuma alichowekewa.